Nani Anakata Picha?

Watu wa mtaa huu wana maswali kuliko polisi. Kila anayepita mlangoni: "Mama Chiriku, plasta hiyo itatoka lini?" "Mama Chiriku, mguu gani huo usiopona?" Na wenye midomo mirefu zaidi wananong'ona eti nimeipenda plasta kwa sababu mama mkwe ananifulia na kunipikia. Waseme tu. Lakini leo nitaeleza, kwanza kwa sababu nimechoka kuchekwa, pili kwa sababu asubuhi hii mama mkwe ameniambia neno ambalo siwezi kukaa nalo peke yangu.

Mimi si mtu wa majini na mapepo. Mtu akiniambia nyumba yake ina shetani, namuuliza kama amekagua nyaya. Kazi yangu ni kukata picha. Shughuli ikirushwa moja kwa moja huwa na kamera tatu au nne, na mtazamaji anaona moja tu kwa wakati. Anayechagua ipi ionekane ni mimi. Mashine yake tunaiita swicha: vitufe vimejipanga, na pembeni kuna mkono wa kuvuta taratibu, ukitaka sura moja iyeyukie ndani ya nyingine. Kwenye skrini kila kamera ina kidirisha chake, na juu yake kuna madirisha mawili makubwa. La kijani lina picha inayosubiri zamu. Jekundu lina picha iliyo hewani. Ukishayajua hayo mawili umemaliza shule yangu yote, ingawa mama mkwe hajawahi kuhitimu. "Kazi gani hiyo ya kubonyeza?" ndilo neno lake.

Mguu nilivunjika nikivuta waya jukwaani. Nikafungwa plasta kutoka unyayo hadi gotini, mama mkwe akaja kukaa nasi kunisaidia, kwa kuwa mume wangu kazi yake ni ya safari. Tukaanza vita vya chumvi na vya namna ya kukunja mashuka. Basi Twiga, msaidizi wangu, alipopata njia ya mimi kufanya kazi bila kutoka nyumbani, nilimwombea dua. Swicha inakaa ukumbini, mimi naishika kwa intaneti. Laptopu yangu inaonyesha vitufe vilevile, madirisha yaleyale, mkono uleule. Nikibonyeza hapa mezani, kule ng'ambo ya mji picha inabadilika, inachelewa kama kupepesa jicho tu.

Jioni yenyewe ilianza kwa pasi. Mguu uko juu ya stuli, nimeinama nanyoosha gauni jeupe la mwanangu la kwaya, naye kanisimamia kichwani. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Ana miaka kumi na pengo la jino mbele, na anaongea hata akipiga mswaki.

"Mama, utanionyesha mimi?"

"Nitaonyesha kwaya nzima."

"Lakini mimi peke yangu? Karibu-karibu? Mpaka pengo lionekane?"

"Mara moja tu. Kwa sharti ufunge huo mdomo mpaka mfike."

Akaufunga kwa vidole viwili. Ahadi ile niliitoa kwa kucheka, na gauni nikampa likiwa bado na joto la pasi.

Twiga akaingia akiinamisha shingo mlangoni. Mama mkwe akamtazama kutoka chini hadi juu. "Huyu akiongeza kidogo tu atatuvunjia dari."

"Shikamoo, mama. Kwetu tunalala tumekunjwa," Twiga akajibu.

Nikamkagua kama kawaida yangu. Nyaya? Zote zimefungwa kwa tepu, Dada, hata ng'ombe akipita hazichomoki. Betri ya akiba? Ipo, umeme ukikatika swicha haina habari. Laini za intaneti? Mbili, moja ikifa nyingine inashika. Nikampa tano. Hiyo ndiyo dini yangu: matangazo hayakatiki. Mimi ndiye niliyewafundisha wote kuziba kila tundu ambalo mtu anaweza kuzimia mashine kwa bahati mbaya.

Walipofika ukumbini tulijaribu kamera moja moja. Ya kwanza imesimama nyuma, inaona kila kitu. Ya pili anaibeba mpiga picha. Ya tatu haina mtu. Imefungwa juu ya mlingoti karibu na jukwaa, inageuka na kuvuta sura kwa amri ya mtandao, na ikigeuka hulia kidogo, zzzz, kama mbu aliyeshiba. Njia ya nne ni ya mgeni anayezungumza kutoka mbali. Tuliijaribu kwa kamera ya laptopu yangu, nikajiona nimevaa gauni la kulalia na nywele zimesimama kama nimeona simba, nikaifunga upesi. Dirisha la nne likabaki jeusi.

Jua likazama. Mama mkwe akawasha taa ya sebuleni, akaenda jikoni. Kwaya ikaingia.

Walikuwa wimbo wa pili. Mimi niko kamera ya kwanza, kwaya nzima, nimetulia. Mara picha ikabadilika. Mpiga ngoma, uso wake tu, kabla tu hajanyanyua mikono. Mkato mzuri, sikatai. Ila sikuukata mimi.

"Twiga," nikanong'ona kwenye hedifoni, "nilikwambia usiguse vitufe?"

"Sijagusa, Dada." Naye ananong'ona, maana yuko pembeni ya jukwaa. "Nilidhani ni wewe. Nikasema leo Dada amechangamka."

"Usinichezee. Mimi mikono yangu ipo hapa mezani."

"Na mimi yangu nimeifumbata, haki ya Mungu."

Hapo lazima ujue jambo moja. Swicha haiulizi nani amebonyeza. Ikiwa wawili wameunganishwa, inawatii wote wawili. Kwa hiyo kila mmoja anadhani ni mwenzake, na mkigombana mnaweza kugombana mpaka asubuhi. Nilikuwa naandaa tusi la kistaarabu la kumtupia Twiga, ndipo mpiga ngoma akasimama kupiga. Akashika pua.

Damu ilikuwa inamchuruzika mpaka kidevuni.

Nikarudi haraka kamera ya kwanza. Pua kutoka damu si ajabu, ukumbi una joto. Nikajiambia hivyo.

Halafu mkono kwenye skrini yangu ukaanza kushuka.

Sikuugusa. Ulishuka polepole, kwa raha zake… na ulipofika katikati ukasimama. Hewani sura mbili zikalaliana: kwaya inayoimba, na juu yake, kama moshi, uso wa mzee wa safu ya mbele aliyeshika fimbo. Hakuna fundi anayefanya hivyo. Mkono ukishuka unashuka mpaka chini. Kuuacha katikati ni kosa, wateja wanalalamika, wanauliza kama kioo ni kichafu.

Nimemwona mtu mmoja tu katika maisha yangu akiuacha katikati.

Tulikuwa tunamwita Bwana Mkato. Ndiye aliyenifundisha kazi, mimi na Twiga, na swicha ile ilikuwa yake. Mtu mpole, mkavu, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, kila jioni anavipaka mafuta ya kafuri kabla ya kuanza kazi. Mkono akiufikisha katikati anausimamisha, anatazama sura mbili zilivyolaliana, anasema, "Subiri. Waonjane kwanza." Na alikuwa na kipaji cha kutisha: alikata kwenye uso wa mtu kabla jambo halijampata. Bibi arusi hajalia, yeye ameshafika. Mzee hajaanguka, yeye ameshafika. Nilipomuuliza anajuaje, alisema, "Mimi simfuati mtu. Picha ndiyo inaniita."

Watu walimsema, kama watu wanavyosema. Kwamba aliyekaa sana kwenye picha ya Mkato hakai sana duniani. Mama mkwe alikuwa wa kwanza. Siku ya kustaafu kwa mumewe, Bwana Mkato aliganda kwenye uso wa yule mzee karibu hotuba nzima, na wiki haikuisha tukamzika. "Alimchukua," mama mkwe alisema, na hakutaka tena jina hilo litajwe ndani ya nyumba. Mimi nilimcheka. Baba mkwe alikuwa na moyo mbovu miaka yote, nilimwambia, na kamera haina meno.

Bwana Mkato mwenyewe alikufa mwaka jana. Alikuwa na tableti ndogo aliyokuwa akiongozea swicha kutoka kokote, hata akiwa chooni, na alizoea kutania kwamba msinizike bila hiyo. Jamaa zake wakautimiza utani wake. Waliiweka chini ya mkono wake wa kulia, niliona kwa macho yangu.

Kwenye skrini, mzee wa safu ya mbele akainamisha kichwa. Kama amesinzia. Fimbo ikamtoka mkononi, ikagonga sakafu, ko. Aliyekaa karibu naye akamtikisa bega. Akamtikisa tena. Wakaanza kumpepea, kisha wanaume wawili wakambeba kimyakimya kutoka nje, na kwaya, maskini, watoto wakaendelea kuimba kwa sababu mwalimu wao alikuwa amewapa mgongo watazamaji na hakuona.

"Dada…" Twiga alikuwa anapumua kwa mdomo. "Dada, natazama kwenye mashine. Kuna taa ya paneli ya tatu."

"Paneli ya tatu ipi? Tunaoiongoza swicha ni wawili tu: ya kwanza ni yako, ya pili ni yangu."

"Ya Bwana Mkato. Hatukuifuta."

Ni kweli. Tulipoichukua swicha tulibadilisha kila kitu isipokuwa hicho. Kila mmoja wetu alifika kwenye jina la Bwana Mkato, mashine ikauliza kama tunataka kuliondoa, na kila mmoja akashindwa. Ingekuwa kama kumtoa mtu chumbani kwake. Tukaliacha. Nani angejali, taa ilikuwa ya kijivu.

"Imewaka, Dada. Ni ya kijani."

"Betri ya kile kitableti haikai hata siku mbili."

"Najua."

"Tulimzika nacho."

"Najua, Dada."

Nikanusa kafuri.

Si kwa mbali. Hapa hapa, mezani kwangu, kama mtu amefungua kichupa chini ya pua yangu. Nyuma yangu mama mkwe akatokea mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. "Nani amejipaka kafuri humu ndani?"

Kabla sijageuka, kwenye hedifoni nilisikia sauti nyingine.

Zzzz…

Kamera ya tatu ilikuwa inageuka. Kwenye kidirisha chake niliona ikiacha safu ya mbele, ikapanda jukwaani. Ikapita juu ya nyuso za watoto wa mstari wa kwanza, mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayetafuta ndugu yake kituoni. Ikaingia mstari wa pili. Ikampita mvulana mwenye masikio makubwa. Ikampita msichana mwenye nywele za kusuka.

Ikasimama.

Gauni jeupe. Pengo mbele.

Ikaanza kumvuta karibu. Karibu zaidi. Mpaka uso wake ukajaza dirisha la kijani, na mtoto, kwa kuwa taa ndogo ya kamera ilikuwa inamwangalia yeye, akajua ndiyo ahadi yangu imetimia. Akaniangalia. Akatabasamu katikati ya wimbo, kwa pengo lote.

"Mtoe!" Nilipiga kelele, sikujali tena kunong'ona. "Twiga, mtoe mwanangu hapo!"

"Nizime mashine kwanza…"

"Zima!"

Nikasikia tepu inavyochanika, krrr, krrr, na Twiga anatukana kwa kilio. Akachomoa waya wa umeme. Betri ya akiba ikashika. Akachomoa laini ya intaneti. Ya pili ikashika. Kila mahali aliposhika palikuwa na mkono wangu mwenyewe umemtangulia, umefunga. Nilitaka kujipiga makofi. "Achana nayo! Mfuate mtoto! Kimbia!" Hedifoni yake ikadondoka mezani, nikabaki nasikia kwaya na viatu vyake vinavyokwenda.

Nikabaki mimi na yule.

Mkono ulianza kushuka. Nikabonyeza kamera ya kwanza iende kijani. Ikakaa kidogo, ikarudi uso wa Chiriku. Nikabonyeza ya pili. Ikarudi Chiriku. Nikaukamata mkono kwa kidole, nikausukuma juu. Ulinisukuma chini. Mjue nilikuwa nasukuma mchoro kwenye skrini, kitu kisicho na uzito, na bado niliisikia nguvu yake mpaka begani. Ukafika katikati. Ukasimama.

Hewani uso wa mwanangu ukalalia juu ya ukumbi mzima kama moshi.

Subiri. Waonjane kwanza.

Sijui kama nilisikia au nilikumbuka. Lakini hapo kwenye kukumbuka nikakumbuka na jingine. Siku za mwanzo nilimuuliza Bwana Mkato, ukigombania mashine na fundi mwingine unamshindaje. Akacheka, akasema, "Usigombanie mkono. Mpe picha bora kuliko aliyoishika."

Nikafungua kamera ya laptopu. Dirisha la nne likatoka weusi, nikajiona: gauni la kulalia, nywele zimesimama, macho mekundu. Nikaibonyeza njia ya nne iende kijani. Nikalitazama lile tundu dogo la kamera na nikasema kwa sauti, "Mwalimu, nitazame mimi. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chako."

Uso wa Chiriku ukafifia.

Dirisha la kijani likawa langu. Halikurudi.

Mkono ukashuka mpaka chini, polepole, kwa heshima karibu niseme. Nikawa kwenye dirisha jekundu. Dunia nzima iliyokuwa inatazama kwaya ya watoto ikawa inamtazama mwanamke mwenye plasta. Na saa ileile kwenye hedifoni nikasikia mlio wa chuma, kishindo, na watoto wanapiga mayowe.

Nikatazama kidirisha cha kamera ya kwanza. Taa kubwa ya juu ya jukwaa ilikuwa imeanguka. Ilikuwa imelala mstari wa pili, kando ya msichana mwenye nywele za kusuka, kwenye nafasi tupu. Pembeni alikuwa Twiga, amembana Chiriku kwapani kama gunia, na miguu ya Chiriku inarusha mateke kwa aibu.

Nikalia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti.

Lakini picha yangu haikutoka hewani.

Nilibonyeza kamera ya kwanza. Haikwenda. Dirisha jekundu lilibaki na uso wangu, na uso wangu ukaanza kuvutwa karibu, ingawa kamera ya laptopu haivuti. Karibu. Nikaona vinyweleo vya ngozi yangu. Kafuri ikajaa kooni. Kifua kikanibana, mkono wa kushoto ukawa baridi, nikataka kuinuka, nikasahau mguu, plasta ikagonga stuli na nikaanguka tena kitini. Nikafikiria: basi ndivyo inavyokuwa. Nikafikiria pia kwamba sijaanua nguo.

Mkono wa mtu ukanishika kwapa. Kwa nguvu.

"Toka hapo."

"Mama, usije, utaonekana…"

"Toka hapo, mke wa mwanangu. Wewe una mtoto wa kulea. Wangu ameshaoa."

Mama mkwe ananizidi miaka thelathini na ni mwembamba kama fimbo, ila alininyanyua kitini akanilaza sakafuni kama mzigo wa kuni. Akakaa yeye. Akaweka mwiko mezani. Akanyoosha kitambaa chake kichwani, kama anayepigwa picha ya kitambulisho, akaitazama kamera.

Nikamtazama kutoka sakafuni. Hakusema kitu. Nasisitiza hilo, kwa sababu nilikuwa pale miguuni pake. Alikaa kimya, mdomo umefungwa, macho hayapepesi. Jikoni kitu kilikuwa kinaungua. Na kifua changu, taratibu, kikafunguka.

Baadaye laptopu ikazimika yenyewe. Harufu ikaondoka kama ilivyokuja. Mama mkwe akainuka, akachukua mwiko wake. "Umeniunguzia chakula," akaniambia, akarudi jikoni.

Twiga alimleta Chiriku akiwa mzima, na mdomo wake mzima pia: kwa nini Twiga alimbeba mbele ya watu, kwa nini wimbo haukuisha, na je, nilimwonyesha? Nikamwambia ndiyo, nilimwonyesha. Nikamkumbatia mpaka akalalamika. Yule mzee wa safu ya mbele hakufika hospitali akiwa hai.

Twiga ana maelezo yake, na anayashikilia. Anasema Bwana Mkato hakuua mtu, si akiwa hai wala akiwa huko aliko. Alikuwa anaona mapema, basi, na alikuja kutuonyesha taa ile kabla haijaanguka. Kama si yeye, Chiriku angekuwa wapi? Nami mchana, kukiwa na jua na kelele za mtaani, naamini hivyo. Tuliliondoa jina lake kwenye mashine. Ikauliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo mpaka kidole kikauma.

Lakini kuna rekodi. Swicha huhifadhi kila kilichokwenda hewani, na Twiga aliniletea. Tuliitazama pamoja sebuleni. Kwaya, mpiga ngoma, mzee, moshi wa uso wa mwanangu, mimi. Kisha mama mkwe.

Kwenye rekodi anazungumza.

Midomo inakwenda. Sauti hakuna, lakini anazungumza, anatulia kama mtu anayesikilizwa na kujibiwa, anatikisa kichwa kukataa, anainua vidole, anabishana. Nayajua mabishano yake, ndiyo yale ya chumvi. Mwishoni anakubali kwa kichwa, mara moja. Na picha yake inakwenda mpaka katikati, inasimama juu ya kitu cheusi, na rekodi inaishia hapo. Mkono haukufika chini.

Nikamfuata jikoni nikichechemea. "Mama, siku ile uliongea na nani?"

Aliendelea kuchambua mchele. "Nilimuuliza habari za mume wangu."

"Na nini kingine?"

"Alitaka twende saa ileile. Nikamwambia haiwezekani. Nyumba hii ina mgonjwa, mke wa mwanangu hawezi kuchota maji wala kufua, mtoto nani atampeleka shule? Nikamwambia asubiri mguu upone." Akapuliza pumba. "Si mtu mbaya. Akakubali."

Basi ndiyo hiyo plasta mnayoiuliza.

Siku ya kurudi hospitali ilishapita zamani. Daktari amepiga simu, nikamwambia niko safarini. Mume wangu amerudi mara mbili, amenitazama, ameondoka anatikisa kichwa. Plasta imekuwa ya kijivu, inanuka, ndani inawasha mpaka natamani kuikwangua kwa uma. Chiriku ameichora maua na uso wenye pengo. Natembea nayo nikichechemea mbele ya watu. Nikiwa peke yangu chooni nasimama kwa mguu ule mmoja, na hauniumi kabisa, na hilo ndilo linalonitisha. Vita vya chumvi tumeacha. Akitia nyingi nakula, akisahau nakula.

Asubuhi hii ameniletea chai. Ameiweka mezani, ameinama, akagonga plasta kwa kijiko. Ko, ko, ko. Akasikiliza.

"Mguu huu umepona," akasema.

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa ya moto mno, nikainywa hivyohivyo.

"Mama Chiriku. Hata yeye anajua."

Nikakishika kijiko mkononi mwake, pamoja na vidole vyake. Vilikuwa na mafuta kidogo, na vinanukia kafuri.

"Bado unauma, mama," nikamwambia. "Unauma sana."